Sitini na Sita

2 Machi

Daftari hili nimepewa bure na wauza dawa ya meno. Chini ya kila ukurasa kuna jino lenye macho na miguu, linatabasamu. Sijawahi kuweka shajara, lakini kozi imeanza leo, mvua nayo imeanza leo, na maji yamefunga barabara ya kurudi nyumbani. Nimekaa kwenye gari muda wa kutosha kugundua kwamba nina mambo ya kusema.

Tuko madaktari wa meno kumi na wawili. Wote tumekaa kazini miaka, wote tunajua kung'oa, kuziba na kuwagombeza wasiopiga mswaki. Tumekuja kujifunza kazi moja tu, kumjengea mtu meno ya taya zima kwa mkupuo. Unatoa mabovu yaliyobaki, unasawazisha mfupa, unapandikiza ndani yake vipandikizi sita vya chuma, na siku hiyo hiyo unamfungia kwa skrubu meno ya muda ya plastiki. Mfupa ukishakishika chuma sawasawa, baada ya miezi kadhaa, unafungua yale ya muda na kufunga ya kudumu. Mtu anaingia kibogoyo, anatoka na meno.

Mkufunzi wetu ni mtu mwembamba, hana haraka. Hajui neno "kidogo" wala neno "karibu". Anajua milimita mbili, na milimita moja na nusu. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshabatizwa Bwana Milimita. Aliyembatiza ni mwenzangu wa kiti cha pembeni, mtu wa mzaha asiyeishiwa. Humu nitamwita Jirani.

Kila mmoja wetu anatakiwa alete mgonjwa wake. Wangu ninamjua tayari.

5 Machi

Nimekwenda kwa Mama Mdogo.

Ni mdogo wake marehemu mama. Mama alipofariki, mimi niko darasa la kwanza, yeye ndiye aliyenichukua na kunilea kwa cherehani. Hadi leo anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, redio juu ya kabati. Tangu utotoni namwona akikata uzi kwa meno. Mkasi uko pale pale pajani, lakini wapi, uzi lazima uende mdomoni. Miaka imepita, fizi zimeugua, meno ya mbele ya juu yameanguka moja baada ya jingine, na yaliyobaki yanacheza.

Yalipoanguka, mkono ukapanda. Akiongea na wateja, mkono uko mbele ya mdomo. Akicheka, mkono uko mbele ya mdomo, na ukiwa umeshika kitambaa basi anageukia ukutani. Mbele yangu tu ndipo anaushusha. "Nilikupangusa kamasi," husema, "nikufiche nini?"

Kwa hiyo mimi peke yangu ndiye ninayejua jinsi anavyocheka. Na mimi ndiye daktari wa meno. Nilimtengenezea meno ya kuvaa na kuvua, yakamtia kichefuchefu, akayaacha. Nikasema nitayarekebisha. Nikawa na kazi nyingi.

"Yale uliyonipa yako kwenye kikombe," aliniambia leo. "Yananitazama nikila."

"Haya hayavuliwi, Mama Mdogo. Yanafungwa kwa skrubu."

"Kama bawaba za mlango."

"Kama bawaba."

Aliendelea kushona pindo hadi mwisho, akakata uzi kwa upande wa mdomo wenye meno. "Na hao wenzako wa kozi, watakuwa wananichungulia?"

"Mimi tu," nilisema. "Mimi na muuguzi."

Nilijua kwamba chumba cha upasuaji kina kamera, na kwamba kamera inapeleka picha ukumbini. Nilisema mimi tu kwa sababu nilitaka akubali.

9 Machi

Eksirei ya Mama Mdogo ni nzuri. Mfupa upo.

12 Machi

Mvua. Bwana Milimita amepita kwa kila mmoja akiuliza mgonjwa wake ni nani. Jirani ameleta dereva wake. Mwingine ameleta mwalimu mstaafu wa shule aliyosoma. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Mgonjwa wangu wa siku nyingi."

Sikudanganya, lakini najua kwa nini sikusema zaidi. Daktari wa meno, mwenye kliniki yenye bango barabarani, na mama aliyemlea hana meno. Niliona wataniuliza nilikuwa wapi.

14 Machi

Nimemrekodi Mama Mdogo video. Kabla ya kuanza tunatakiwa kurekodi jinsi mgonjwa anavyotamka, hasa herufi s, maana meno ya mbele yakikaa vibaya, s ndiyo ya kwanza kuharibika. Anahesabu kuanzia sitini hadi sabini.

"Kwa nini nisianze na moja kama watu?"

"Kwa sababu ya s."

Alihesabu. Kila s ilitoka na upepo na mate. Alipofika sitini na sita akajisikia mwenyewe, akacheka hadi machozi, mdomo wazi, mkono pajani. Nami nilicheka nyuma ya simu. Ilikuwa asubuhi nzuri.

18 Machi

Nitaliandika hili kama lilivyokuwa, kabla sijaanza kulipamba.

Leo kila mmoja alipanda jukwaani kumweleza mgonjwa wake mbele ya wenzake. Mama Mdogo alikuwa kule kwenye chumba cha kusubiria, ng'ambo ya korido, anangoja kupimwa presha mara ya pili kwa ajili ya upasuaji wa kesho. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa. Nililiangalia hilo.

Nilianza vizuri. Nilionyesha eksirei, nikaeleza mfupa uko kiasi gani na vipandikizi vya nyuma vitainama vipi. Sauti yangu kwenye kipaza sauti ilinipendeza. Kisha nikaweka video. Uso wake ukajaa skrini nzima, mkubwa kuliko mlango. Sitini na moja. Sitini na mbili. Mtu wa viti vya nyuma akajikohoza ili asicheke. Mama Mdogo alipofika sitini na sita akaanza kujicheka vile anavyojicheka mbele yangu, ukumbi nao ukaachia kicheko. Jirani akamwiga, "Shitini na shita," kwa sauti ya chini ambayo haikuwa chini ya kutosha.

Hapo ndipo ningesema. Huyu ni mama yangu. Ingetosha, wangenyamaza wote.

Nilikisogelea kipaza sauti nikasema, "Huyu hata akikutukana, utadhani anakubembeleza."

Walicheka mpaka mmoja akapiga meza. Nami nilicheka. Tangu siku ya kwanza nimekaa kwenye ukumbi ule nikiwa na wasiwasi, najiona mshamba kati ya watu wanaojua, na leo ndiyo mara ya kwanza watu wale kucheka kwa ajili yangu. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Bwana Milimita hakucheka. Alingoja watulie, akauliza, "Huyu mama umemfahamu vipi, Daktari?"

"Ni mgonjwa wangu wa siku nyingi, Mwalimu."

Nilipotoka nilimkuta Mama Mdogo kwenye benchi, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Nilimuuliza presha imesomaje. Muuguzi akajibu kwa niaba yake. Alisema imepanda, na anashangaa, maana nusu saa kabla ilikuwa sawa kabisa.

"Ni woga wa kesho," nilisema, nikamshika bega.

19 Machi

Upasuaji umekwenda vizuri mno. Nilitoa meno yaliyobaki, nikasawazisha mfupa, nikaweka vipandikizi sita, na kila kimoja kilikaza hadi ufunguo ukakataa kuzunguka. Bwana Milimita alisimama begani kwangu kutwa nzima na kusema neno moja tu, "Endelea." Wenzangu kumi na mmoja walikuwa ukumbini, wanamchungulia mdomoni kwenye skrini.

Fundi wa meno alileta meno ya muda jioni. Tukayafunga. Nikampa Mama Mdogo kioo cha mkononi. Alijitazama kwa muda mrefu, akageuza uso kushoto, akageuza kulia.

"Asante, Daktari," alisema.

Kisha akaweka mkono mbele ya mdomo. Nikamwambia uvimbe utashuka baada ya siku chache.

20 Machi

Mvua kutwa. Nimempigia simu, amesema hajambo.

27 Machi

Nimemtoa nyuzi. Fizi safi, hakuna usaha. Nikamsomea masharti. Vyakula laini tu, asitafune mfupa, na kuliko yote asikate uzi kwa meno. Plastiki ile ni ya kusubirisha tu, ikipasuka uzito wote unahamia kwenye chuma kimoja, na chuma kikitikiswa kabla mfupa haujakishika, kinaachia.

"Umenisikia, Mama Mdogo?"

Alitikisa kichwa kukubali. Uvimbe umekwisha. Mkono ulikuwa bado pale.

3 Aprili

Uji nimempelekea. Alinishukuru akiwa ameinamia cherehani.

9 Aprili

Awamu ya pili ya kozi. Bwana Milimita anafunga mlango saa mbili kamili, na leo maji yalinizuia njiani. Nilifika nimechelewa, nikaukuta umefungwa. Nikaenda kukaa kwenye chumba cha kusubiria hadi mapumziko.

Nilikaa pale pale alipokaa yeye. Kulikuwa na mzee mmoja anasinzia, na mama mwenye mtoto aliyevimba shavu. Juu ya benchi, karibu na dari, kuna spika ndogo ya kijivu. Nilishawahi kuiona, ndiyo wanayoitia wagonjwa majina. Nilikuwa nakung'uta maji kwenye viatu vyangu niliposikia mtu anajikohoza juu ya kichwa changu, kisha sauti ya Bwana Milimita ikasema, wazi kama yuko kwenye benchi nami, "Tunaanza na taya la chini."

Nilisikia kila kitu. Nilisikia kalamu ikigongwa kwenye jukwaa. Nilisikia kiti kikiburutwa. Nilimsikia Jirani akitoa mzaha kuhusu dereva wake kutoka kitini kwake, mbali na kipaza sauti, na mama yule mwenye mtoto akatabasamu.

Nilimuuliza muuguzi kama spika ile huwa inafunguliwa siku zote.

"Tangu wabadilishe waya zimeingiliana, Daktari. Ukumbini wakiongea, huku wanasikika. Tumeshasema, hakuna fundi aliyekuja."

Sikuingia ukumbini baada ya mapumziko. Nilikaa kwenye gari. Nilijaribu kujiambia kwamba huenda siku ile aliitwa kupimwa presha wakati huo huo, huenda alikwenda msalani, huenda mvua ilipiga bati. Lakini presha ilipanda. Na aliniita Daktari.

10 Aprili

Nimefika hadi mlangoni kwake. Nilipanga maneno njia nzima. Wateja walikuwepo. Nimerudi.

11 Aprili

Leo hakukuwa na wateja. Nilizungumza habari za mvua.

17 Aprili

Hakuja kwenye uchunguzi. Amesema kwenye simu kwamba shule zinakaribia kufungua na sare zimemlemea. Kweli huu ni msimu wake. Nilikata simu nikajisikia nimepona kidogo, na hilo la kupona likaniongezea aibu.

25 Aprili

Mvua.

2 Mei

Mume wangu amerudi kutoka sokoni akiwa na furaha. "Nimekutana na Mama. Amekuwa kijana. Yuko kwa yule rafiki yake muuza vitambaa, anacheka mpaka watu wanageuka. Mke wangu, kazi umeifanya."

"Anacheka vipi?"

"Kivipi tena? Anacheka. Meno nje."

"Na mkono?"

Hakuelewa nauliza nini. Nikaenda kuangalia kilichokuwa jikoni, ingawa hakukuwa na kitu jikoni.

8 Mei

Tena hakuja.

Pale kwenye kituo cha kozi hawamwiti mgonjwa wangu tena. Wanamwita Mama Sitini na Sita. Leo Jirani amenisimamisha koridoni, kwa nia njema kabisa. "Mama Sitini na Sita anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Ukweli sijaona ndani ya mdomo wake tangu nilipotoa nyuzi.

Jirani nimekuwa nikimwona mtu wa mzaha tupu, mwenye ulimi usio na breki. Leo dereva wake alikuja kusafishwa meno. Jirani ndiye aliyemleta akiendesha gari mwenyewe, akamshika mkono kwenye ngazi zenye maji, na walipomaliza akamfuta mate kidevuni kwa leso yake ya mfukoni mbele yetu sote. Anamtania tangu asubuhi hadi jioni, lakini hajamficha kwa mtu hata siku moja. Mimi niliyekuwa nikimwona hafai sikufanya hata hilo.

21 Mei

Asubuhi nimepigiwa simu na muuza vitambaa, rafiki yake Mama Mdogo.

"Ameniambia nisikwambie, lakini nakwambia. Lile jino limepasuka. Siku nyingi sasa. Anatafunia upande mmoja, na juzi nimemkuta amejishika shavu."

Nilikwenda kumchukua kwenye mvua. Alijua nimekuja kwa nini, akazima cherehani bila kuulizwa, akachukua mkoba.

Kituoni nilimlaza, nikawasha taa. Alishusha mkono kwa sababu hakuna njia ya kuangalia mdomo uliofunikwa. Plastiki ilikuwa imepasuka upande wa kushoto, kutoka mbele hadi nyuma. Nikafungua skrubu. Kipandikizi cha nyuma kushoto, nilipokigusa kwa ncha ya kifaa, kilicheza.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikata uzi."

"Mama Mdogo, nilikuambia."

"Uliniambia."

"Na kwa nini hukunipigia siku hiyo hiyo?"

Alitazama taa. "Niliona una kazi nyingi."

Bwana Milimita aliitwa. Alivaa glavu, akagusa chuma, akanitazama. Kilitoka kwa kuzungushwa na vidole, hakikuhitaji hata ufunguo. Nilikiweka kwenye sahani kikalia kidogo. Kazi yangu niliyokuwa naringa nayo, mfupa ulikuwa umeikataa, na uliikataa kwa sababu mtu mwenye maumivu aliona ni afadhali ayavumilie kuliko kunifungulia mdomo.

Tulipotoka koridoni Bwana Milimita alisema, "Vitano vilivyobaki vimeshika. Tutajenga juu ya vitano. Lakini mpasuko ule si wa jana. Imekuwaje usijue?"

Ningeweza kusema hapo pia. Tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Wagonjwa wengine ni wagumu kufuata maelekezo, Mwalimu."

Alivua glavu zake taratibu, moja, kisha nyingine. Nilipogeuka nikaona mlango wa chumba cha matibabu nimeuacha wazi, na Mama Mdogo amelala pale, macho kwenye dari.

22 Mei

Sikwenda kazini.

23 Mei

Nimefikiri sana kwa nini nilisema vile mara ya pili. Siku ya kwanza nilisingizia kicheko cha watu. Koridoni hakuna aliyecheka. Nimeona basi kwamba ndivyo nilivyo nikibanwa. Namtoa yeye ili nipone mimi. Sijui nilijifunza wapi, maana kwake sikufundishwa hivyo. Nilipovunja kioo cha jirani nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyekwenda kusema, "Tumekivunja."

4 Juni

Nimemfungia meno mapya ya muda juu ya vipandikizi vitano. Amekuja kwa wakati. Hakosi tena miadi hata moja, anakaa, anafungua mdomo, anafunga mdomo, anaweka mkono. Hanuni, na anamsalimia muuguzi kwa utani. Mimi ananijibu ninachouliza.

11 Juni

Yuko sawa. Hakuna kinachocheza.

19 Juni

Mvua inapungua. Mume wangu ameniuliza kwa nini siku hizi Mama haji kula kwetu Jumapili. Nilimwambia kila kitu, ukumbi, spika, korido. Ni mtu wa kunitetea hata nikikosea njia, lakini safari hii hakupata pa kuanzia.

"Umemwomba radhi?"

"Nikimwomba itabidi niyarudie yale maneno."

"Ndiyo," alisema. "Itabidi."

20 Juni

Nilikwenda. Nilimkuta anafunga vifurushi vya sare. Nikaanza, "Mama Mdogo, ile siku ya presha..."

"Nishikie hapa," alisema, akanipa ncha ya kamba. Nikashika. Akafunga fundo, akachukua mkasi, akakata. "Na hapa." Tulifunga vifurushi vyote vilivyokuwepo. Kila nilipofungua mdomo kulikuwa na kamba ya kushika. Kisha akaja mteja.

10 Julai

Leo ndiyo siku ya meno ya kudumu, na siku ya kueleza kazi mbele ya wote kabla ya kupewa cheti.

Asubuhi nikafungua ya muda, nikafunga ya kudumu. Nimeyatazama mengi katika kozi hii na sioni mazuri kuliko haya. Si meupe ya kutisha. Yana rangi ya meno ya mtu aliyekunywa chai maisha yake yote. Nilimwomba fundi asiyanyooshe mno, na hakuyanyoosha mno. Nikakaza skrubu ya mwisho. Nikampa kioo. Kisha kama inavyotakiwa, nikawasha kamera nikamwomba ahesabu.

"Sitini," alisema. "Sitini na moja."

Zilitoka safi. Hakuna upepo, hakuna mate. Muuguzi alitabasamu. Sitini na tano. Sitini na sita. Sitini na saba. Alifika sabini bila kucheka, akajitazama tena kwenye kioo, akasema akiwa anatazama kioo na si mimi:

"Haya. Sasa hata nikikutukana, utanielewa."

Muuguzi alicheka, alidhani ni utani. Mimi niliweka bisibisi kwenye sahani.

"Mama Mdogo," nilisema. "Nisamehe."

"Nisukutue tena, au tumemaliza?"

"Tumemaliza."

"Na picha si mnahitaji?" Akatabasamu mbele ya kamera, tabasamu pana la kuagizwa, akalishikilia hadi nilipobonyeza. Bila picha ile nisingepata cheti, naye alilijua hilo. Kisha akashuka kitini, akapanga nguo yake, akaweka mkono mbele ya mdomo na kwenda kunisubiri.

Zamu yangu ukumbini ilifika baada ya chai. Nilionyesha eksirei zote mbili. Nilionyesha kipandikizi kilichokufa na kusema kimekufa kwa sababu yangu. Jirani akasema, "Mama Sitini na Sita!" kwa furaha, akimwona kwenye skrini. Nikakisogelea kipaza sauti kama siku ile.

Nilisema, "Huyu ni mama yangu mdogo. Mama yangu mzazi alipofariki, huyu ndiye aliyenilea. Niliwaambia ni mgonjwa wangu wa siku nyingi kwa sababu niliona haya kwamba mimi ni daktari na yeye hana meno. Mlipomcheka, mimi ndiye niliyewaongezea. Hakuvunja masharti kwa ukaidi. Aliogopa kunionyesha mdomo wake, na alikuwa na haki."

Nilisema polepole, karibu na kipaza sauti kuliko inavyohitajika. Nilikuwa nasema na spika ya kijivu. Jirani alikuwa ameinamisha kichwa. Bwana Milimita akasema, "Milimita ngapi kati ya jino na ulimi kwenye s?" Nikamjibu. Akaandika. Nafikiri alinihurumia.

Nilitoka mbio hadi chumba cha kusubiria. Benchi lilikuwa tupu.

"Amekwenda kukaa nje zamani," muuguzi alisema. "Huwa hakai humu. Anasema ile spika inamuumiza kichwa."

Nilimkuta chini ya kibanda cha magari, mkoba mapajani, anatazama lami inavyokauka. Aliniuliza kama nimefaulu. Nikasema nimefaulu. "Hongera," akasema, na alikuwa amefurahi kweli kwa ajili yangu, niliona machoni, maana macho ndiyo niliyoachiwa.

Sikumwambia nilichosema mle ndani. Kumwambia kungekuwa kumwomba anilipe.

18 Julai

Mvua imekwisha. Vumbi limerudi mapema, limeshafika hadi kwenye majani ya ua la Mama Mdogo.

Nilikwenda alasiri bila kupiga simu. Tangu njiani nilimsikia. Nilisimama nje ya dirisha la chumba cha mbele, kando, mahali ambapo mtu wa ndani haoni. Muuza vitambaa alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyerudisha suruali akidai imepungua akiwa ameivaa. Mama Mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, kichwa nyuma, mdomo wazi wote, mikono yote miwili imelala kwenye kitambaa cha bluu. Niliyaona meno yote. Anacheka vile vile, hakuna kilichobadilika, hata ile ya kuvuta pumzi mwishoni na kuanza upya. Kicheko changu kile. Kulikuwa na wateja wawili wanangoja mlangoni, watu baki kabisa, nao wanacheka naye.

Nikajikohoza, nikabisha hodi, nikaingia.

Aligeuka. Aliniona. Mkono ukaacha kitambaa na kupanda, bila haraka, bila hasira, ukakaa mbele ya mdomo.

"Karibu, mwanangu," alisema nyuma ya vidole. "Kaa. Chai ipo."

Nikakaa. Muuza vitambaa alimalizia hadithi yake, lakini haikuwa tamu tena, na wateja wakachukua sare zao wakaenda. Mama Mdogo alinimiminia kwa mkono mmoja.

"Sukari sawasawa?" aliuliza, na kila s ilitoka safi.

Nikasema iko sawa.